Diogenes wa Sinope: Lipi ni Asili, Lipi ni Mila?



Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa aliuliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema kwamba shuleni kwake, Jumatatu hadi Ijumaa, mkubwa na mdogo husalimiwa kwa neno lilelile moja, na hakuna anayeona ubaya. Mbona hapa Jumamosi, na nyumbani wageni wakija, lazima aseme shikamoo hata kwa mtu ambaye hajawahi kumwona? Heshima si iko moyoni? Na kama iko moyoni, neno ni la nini?

Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe akamjibu kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Bibi mmoja akamsahihisha palepale: methali ni mwacha asili ni mtumwa. Kila mmoja aliisikia hivyo kwa wazee wake, na kweli zote mbili zinasemwa. Mabishano yakaishia kwenye chai. Lakini swali likabaki: je, mila na asili ni kitu kimoja?

Wagiriki wa kale walibishana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, nakuletea mtu ambaye hakutosheka kulijadili swali hilo kwa maneno. Aliliingia mzimamzima, kwa chakula chake, malazi yake na mavazi yake. Jina lake ni Diogenes.

Swali lilivyoanza

Kwanza ujue alikozaliwa alikuta mjadala gani. Katika karne ya 5 Kabla ya Kristo (KK), Wagiriki walikuwa wasafiri na wafanyabiashara. Walifika Misri, Uajemi na pwani zote za Bahari Nyeusi, wakaona kwamba kila watu wana namna yao ya kuoa, kuvaa na kuzika, na kila watu wanaamini kwamba namna yao ndiyo sahihi. Hapo wenye kufikiri wakaanza kutenganisha mambo mawili. La kwanza waliliita physis, yaani maumbile au asili: kitu jinsi kilivyo bila mtu kukipangia. La pili waliliita nomos, yaani mila, desturi na sheria: yale ambayo watu wamekubaliana. Moto huunguza Ugiriki kama unavyounguza Uajemi. Hiyo ni asili. Lakini mazishi ya Ugiriki si mazishi ya Uajemi. Hiyo ni mila.

Mmoja wa wenye kufikiri hao aliitwa Antiphon. Alitoa mfano wa kitanda. Ukikizika kitanda cha mti ardhini, na ule mti ukapata nguvu ya kuchipua, kitakachoota ni mti, si kitanda. Mti ndio asili. Kitanda ni kazi ya fundi. Antiphon huyohuyo aliwaambia Wagiriki kwamba kwa asili wao na watu wa mataifa mengine waliowadharau ni sawa, kwa sababu wote wanavuta pumzi kwa mdomo na pua, wanafanya kazi kwa mikono na kutembea kwa miguu.

Lakini usidhani kwamba kila aliyetaja asili alikuwa na nia njema. Plato ameandika juu ya mtu aitwaye Callicles, aliyedai kwamba kwa asili mwenye nguvu ana haki ya kumnyang'anya mnyonge, na kwamba sheria ni hila ya wanyonge. Aristotle naye aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa asili yao. Basi unaona, neno hilohilo lingeweza kumfungua mtu minyororo au kumfunga.

Mtoto wa mshika fedha

Diogenes alizaliwa mwishoni mwa karne ya 5 KK katika mji wa Sinope, bandari ya Wagiriki kwenye pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi. Leo mji huo uko Uturuki na unaitwa Sinop. Baba yake, Hicesias, alikuwa mtu wa fedha, na habari za zamani zinamhusisha na sarafu za mji.

Hapo ndipo mkasa ulipotokea. Inasimuliwa kwamba sarafu za Sinope ziliharibiwa, na lawama zikamwangukia baba, au mtoto, au wote wawili. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata sarafu za Sinope za karne ya 4 KK zilizokatwa kwa patasi, kwa hiyo kisa hiki si cha hewani. Diogenes akajikuta amefukuzwa kwao, hana mji, hana mali.

Sasa sikiliza jambo la lugha. Kwa Kigiriki, sarafu ni nomisma, neno lililotokana na lile lile nomos, mila. Aristotle alieleza sababu: thamani ya fedha haitoki katika asili, inatoka katika makubaliano ya watu, na watu wakibadili makubaliano yao, fedha hiyo haifai kitu. Kama umewahi kurudi nyumbani ukakuta noti ulizoweka sandukuni zimeondolewa katika matumizi, unaelewa alichosema. Waliosimulia maisha ya Diogenes waliona kazi yake yote katika mfano huo. Alianza na sarafu za Sinope, akaendelea na mila: kila moja aliikata kwa patasi aone ndani kuna fedha halisi au risasi iliyopakwa.

Kasiki la Athens

Akiwa mkimbizi, alifika Athens. Alikuja na mtumwa mmoja, Manes, ambaye alimtoroka. Watu walipomshauri amtafute, alisema itakuwa aibu ikiwa Manes anaweza kuishi bila Diogenes, na Diogenes ashindwe kuishi bila Manes. Husimuliwa pia kwamba alimwona panya akikimbia huku na huku, hatafuti kitanda wala haogopi giza, akajiambia kwamba kumbe inawezekana.

Alitafuta kijumba, kikachelewa kupatikana. Basi akaingia katika kasiki, ule mtungi mkubwa wa udongo ambao Wagiriki walitia nafaka, mafuta au mvinyo. Lilikuwa karibu na Metroon, jengo la sokoni lililohifadhi nyaraka na sheria za mji. Hebu fikiria: huku sheria zote za Athens zimehifadhiwa ndani, na nje mlangoni amelala mtu anayeuliza sheria hizo zina faida gani.

Visa vyake ni vingi, na ukivisikia utamkumbuka Abunuwasi. Vitabu alivyoandika mwenyewe vimepotea. Tuliyo nayo yalikusanywa na waliokuja baadaye, hasa mwandishi aitwaye Diogenes Laertius, aliyeishi zaidi ya miaka 500 baada yake. Kwa hiyo vipokee visa hivi kama unavyovipokea vya Abunuwasi: mtu alikuwepo kweli, na wasimulizi nao wametia chumvi yao.

Alikuwa na kikombe. Siku moja akamwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akakitupa kikombe, akisema mtoto amemshinda kwa wepesi wa maisha. Wakati wa joto alijigaragaza katika mchanga wa moto, na wakati wa baridi alikumbatia sanamu zilizofunikwa na theluji, ili mwili uzoee. Aliomba sadaka kwa sanamu ya jiwe, na alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba anajizoeza kunyimwa. Waathene waliona ni aibu kula sokoni; yeye alikula sokoni, kwa hoja kwamba njaa nayo ilimkuta sokoni. Na mchana kweupe alitembea na taa iliyowashwa, akisema anatafuta mtu.

Hata Plato hakupona. Plato alikuwa amemweleza binadamu kuwa ni kiumbe wa miguu miwili asiye na manyoya, na watu wakasifu. Diogenes akanyonyoa jogoo, akamleta darasani na kutangaza kwamba huyu hapa ndiye mtu wa Plato. Inasemekana ilibidi waongeze kwamba binadamu ana kucha pana.

Watu walimwita mbwa. Wewe unajua kwetu tusi hilo lina uzito gani. Kwa Wagiriki pia lilikuwa tusi la mtu asiye na haya. Diogenes alilipokea akalifanya jina lake. Mbwa hula anapopata, hulala popote, na humjua rafiki na adui bila kuangalia nguo zao. Kutokana na neno la Kigiriki la mbwa, wafuasi wake waliitwa Wakiniki.

Mtumwa aliyefundisha

Alipokuwa mtu mzima sana, akisafiri kwenda kisiwa cha Aegina, maharamia waliteka chombo chao. Inasimuliwa kwamba walimpeleka Krete na kumnadi sokoni. Mnadi alipomuuliza anajua kazi gani, alijibu kwamba anajua kutawala watu, na akamwonyesha mnunuzi mmoja aliyevaa vizuri, akasema auzwe kwa huyo, maana anahitaji bwana. Mnunuzi huyo alikuwa Xeniades, mtu wa Korintho. Alimnunua kweli, akamkabidhi wanawe na nyumba yake.

Hapa nakuomba msomaji, hasa wewe mzazi, usimame kidogo. Mtu huyu aliyeikejeli kila mila alipewa watoto awalee. Aliwafundisha nini? Kupanda farasi, kulenga shabaha, kuwinda. Aliwazoesha kujihudumia wenyewe, kula chakula cha kawaida na kunywa maji. Na pamoja na hayo, aliwahifadhisha kwa moyo vipande vingi vya washairi na waandishi wa kale. Ndiyo, Diogenes wa kasikini aliwaketisha watoto wakaghani mashairi ya mababu zao, kama vile watoto wetu wanavyoghani hapa Jumamosi asubuhi huku wakiangalia saa.

Haina maana kwamba alijigeuka. Sarafu nyingine alizozikata zilikuwa na fedha ndani, na hizo alizitumia.

Jibu kwa mfalme

Mwaka 336 KK Wagiriki walikutana Korintho, wakamkubali Alexander wa Makedonia, kijana wa miaka 20 hivi, awe kiongozi wao wa vita dhidi ya Uajemi. Wakubwa wote walikwenda kumpongeza. Diogenes hakwenda. Alexander akamfuata mwenyewe, akamkuta ameketi anaota jua, akamwambia aombe chochote. Mzee akamwomba asogee kidogo, maana anamkinga jua. Wafuasi wa mfalme wakacheka, lakini inasemekana Alexander mwenyewe alisema kwamba kama asingekuwa Alexander, angependa kuwa Diogenes.

Jua ni la asili, halina mwenyewe. Ufalme ni nomos. Upo maadamu watu wanaukubali. Katika kisa kile kimoja Diogenes alionyesha lipi ni lipi.

Na alipoulizwa anatoka wapi, hakutaja Sinope iliyomfukuza wala Athens iliyompokea. Alisema yeye ni raia wa ulimwengu. Mfuasi wake Crates alimfundisha Zeno, aliyekwenda kuanzisha shule ya Wastoa huko Athens karibu na mwaka 300 KK, na hao walilikuza wazo hilo la undugu wa watu wote. Crates alimwoa mwanamke aitwaye Hipparchia, aliyekataa kufungiwa kwenye kitanda cha mfumi na kuketi nyuma ya pazia. Alitembea na mumewe sokoni na kubishana na wanaume hoja kwa hoja. Huo nao ulikuwa mkato wa patasi.

Mila ilivyomshika mwishoni

Diogenes alifariki Korintho mwaka 323 KK, akiwa mzee sana. Wako wanaosema alikula pweza mbichi ili kuonyesha kwamba kupika ni desturi tu. Anayejua pweza wa pwani anavyopigwa na kuchemshwa mpaka alainike hatashangaa kwamba tumbo lilikataa.

Alikuwa ameusia kwamba akifa atupwe nje bila kuzikwa. Walipomkumbusha kuhusu ndege na wanyama, aliomba wamwekee fimbo ya kuwafukuzia. Walipomwambia kwamba maiti haina fahamu, aliuliza basi kwa nini wana wasiwasi. Lakini rafiki zake hawakumsikiliza. Walimzika karibu na lango la mji, wakasimamisha nguzo, na juu yake mbwa wa marumaru. Watu wa Sinope, mji uleule uliomfukuza, wakaja kumheshimu kwa sanamu za shaba. Hata leo, ukifika Sinop utamkuta amesimama, taa mkononi, mbwa pembeni.

Kuna kisa kimoja nilikiacha makusudi. Kijana mmoja wa Athens alilivunja lile kasiki lake. Waathene, ambao Diogenes aliwakejeli kila siku, walimchapa kijana yule, na wakampa mzee kasiki jingine. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na mila ya kumtunza mgeni na masikini. Kasiki hilo halikuota kutoka ardhini. Lilifinyangwa na mfinyanzi na likatolewa na watu wenye desturi ya kutoa. Diogenes aliweza kuishi nje ya mila kwa sababu majirani zake waliishi ndani yake.

Sasa turudi kwenye shikamoo

Basi yule baba na yule bibi, nani alikuwa sahihi? Lugha yetu imelipa neno asili kazi mbili. Asili ni maumbile, na asili ni chimbuko: mtu hutaja asili yake kwa maana ya alikotoka. Ndiyo maana methali inakubali maneno yote mawili. Lakini tusidanganyane. Shikamoo si maumbile. Hakuna mtoto anayezaliwa nayo. Hata Kiswahili chenyewe si maumbile. Maji yangeweza kuitwa jina jingine, na hapa tunapoishi yanaitwa jina jingine. Wagiriki walibishana juu ya hilo pia, na Plato aliandika kitabu kizima kuuliza kama majina ya vitu yametokana na asili au makubaliano.

Mwanafunzi wetu, basi, alikuwa na haki ya kuuliza. Na kumjibu kwamba ndivyo ilivyo tu, si jibu. Ziko sarafu zetu ambazo zikikatwa ndani hazina kitu. Msichana kuosha vyombo peke yake huku kaka yake anatazama mpira: kata, uone. Kumcheka mtoto anayekosea ngeli mpaka aape hatasema tena Kiswahili mbele ya watu: kata, uone. Kumkataa mchumba kwa sababu ya kabila lake: kata, uone.

Lakini ukiikata shikamoo, nadhani utakuta fedha. Mtoto anapoitamka na mzee akajibu marahaba, watu wawili wasiojuana wamekubaliana kwamba mmoja ni wa kuheshimu na mwingine ni wa kulinda. Heshima iliyo moyoni ni nzuri, ila mzee haoni ndani ya moyo wa mtu.

Na liko jambo moja la mwisho, ndilo lililonifanya nimchague Diogenes. Pumzi haihitaji shule ya Jumamosi. Njaa haihitaji mwalimu. Yaliyo ya asili yatajihifadhi yenyewe, hata tukihamia nchi ya ngapi. Yaliyo ya mila hayana wa kuyashika ila sisi. Kizazi kimoja kikinyamaza, yamekwisha. Kwa hiyo kusema kwamba Kiswahili ni mila tu, si kukidharau. Ni kueleza kwa nini unaamka mapema siku ya mapumziko, unawasha gari kwenye baridi, na kumleta mtoto hapa akiwa nusu usingizini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Taja jambo moja ambalo familia yako hufanya kwa mila. Lilianza na nani? Muulize mkubwa wa nyumbani.
2. Je, iko mila ambayo ungependa ibadilike? Eleza sababu zako kwa heshima, na usikilize za wengine.
3. Diogenes alijiita raia wa ulimwengu. Wewe ukiulizwa unatoka wapi, hujibu nini, na kwa nini?